Mbao Nilizochagua Kimulot

Nilipoingia sebuleni kwa Bot Chelimo baada ya mazishi yake, nilisimama ghafla mlangoni. Mchungaji, aliyekuwa nyuma yangu na sahani yake ya wali, akaniuliza kama naumwa. Sikuwa naumwa. Nilikuwa naangalia ukuta. Skatingi iliyozunguka chumba, ile mbao ndefu inayofunika mahali ukuta unapokutana na sakafu, ilikuwa ileile niliyoichagua nikiwa msichana, yenye mifereji juu na tumbo la mviringo chini. Konisi kule juu, pale dari linapogusana na ukuta, ilikuwa ileile. Fremu za milango na maua yaliyochongwa kwenye kona zake, zilezile. Vanishi tu ndiyo ilikuwa imekolea, nyeusi kama chai iliyosahauliwa mekoni. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki, sahani magotini, nikashindwa kula, na mama mmoja wa kanisa akanipapasa bega akidhani namlilia marehemu. Nilikuwa nimepigwa na butwaa, basi. Katika chumba kile, mwaka niliokuwa nauza mbao Litein, nilikaribia kuolewa bila kujua kwamba naolewa, na nyumba ya kuolewa nilikuwa nimeipamba mwenyewe.

Tena mume angekuwa Bot Chelimo, mwanamke mwenzangu. Wajukuu wangu, waliozaliwa Nakuru na wanaoijua Bomet kwa picha za simu, hukodoa macho nikifika hapo, kwa hiyo naeleza polepole. Kwetu Wakipsigis, mwanamke aliyezaa mabinti watupu, na mumewe akafa, hakuachwa hivihivi nyumba yake ife. Aliweza kuoa. Alitoa ng'ombe kama mwanamume, akaleta msichana nyumbani, na watoto ambao msichana yule angezaa na mwanamume aliyekubalika walikuwa wa nyumba ile, wakarithi shamba. Ndoa hiyo huitwa toloch, yaani mti wa kuegemeza nyumba isianguke. Wajukuu huuliza mambo ya kitandani. Nawaambia hayakuwemo, na waache maswali ya kijinga. Huuliza pia kama ni jambo la aibu. Halikuwa la aibu, halikuwa hata la kunong'oneza, na ndiyo maana nashangaa mpaka leo kwamba lilinipita mbele ya pua nisilione. Nilikuwa na cheti changu cha kidato cha nne, nina penseli sikioni, nikadhani toloch ni mambo ya kina kogo, nyanya zetu, ya zamani zao, au ya wasichana waliozalia nyumbani na kukimbiwa. Usilolijua ni usiku wa giza, lakini mimi nililijua, na bado nikagonga ukuta.

Duka lilikuwa la Mama Njeri, mama wa Kikuyu ambaye watu wake walihamia Litein kutoka Murang'a zamani sana, hata Kikipsigis chake kilikuwa kizuri kuliko cha watoto wa chifu. Upande mmoja aliuza misumari, rangi na mabati, na nyuma kulikuwa na karakana yenye mashine ya kuchonga mbao za mapambo. Siku mashine ikinguruma, chai yote mtaa ule ilinywewa pamoja na vumbi la saipresi. Kazi yangu ilikuwa ubao wa sampuli. Vipande vya kila aina ya mbao vilikuwa vimepigiliwa ukutani karibu na kaunta: skatingi za mgongo wa samaki, konisi nene na nyembamba, bidi za kufunika nyufa, reli za kupita ukutani ili viti visikwaruze rangi. Mteja angesimama hapo amechanganyikiwa, nami ningemtoa kwenye giza. Nilikuwa na maringo yangu, sikatai. Watu walikuwa wameanza kujenga nyumba za mawe kila mahali, kutoka Kapkatet mpaka ndani Konoin, na waashi wetu hawakuwa na habari na ukuta ulionyooka. Mama Njeri alikuwa akisema, "Mbao ndogo ni ya kuficha aibu ya mwashi," halafu anacheka mpaka anashika kaunta. Mimi nilijiona ndiye daktari wa aibu hizo. Nilipotazama nyumba ya mtu niliona kwanza kona zake, na hata kanisani, mahubiri yakirefuka, nilikuwa nakagua bidi za dari.

Bot Chelimo alikuja dukani mvua za masika zilipoanza, amevaa gambuti na koti zito la kiume. Alikuwa mkulima wa majani chai huko Kimulot, karibu na msitu, mjane, mabinti wake wote wameolewa mbali. Jina lenyewe lilikuwa na maana ya mama yake Chelimo, binti wa kwanza. Aliutazama ubao wa sampuli bila kusema neno, kisha akageuka akanitazama mimi vilevile, kuanzia kitambaa cha kichwa mpaka viatu. "Wewe ndiye wa kuchagua hapa?" akaniuliza. Nikasema ndiyo mimi. "Basi nichagulie. Lakini usinichagulie kama mimi. Mimi ni mzee, hata gunia nitaweka kwa dirisha. Chagua ile ungependa wewe." Nani asingefurahi kuambiwa hivyo? Wateja wote waliokuja walikuwa wanabishana na mimi juu ya kila kipande, na huyu mama ananipa chumba kizima mkononi. Nilimchagulia skatingi ile yenye mifereji, ambayo hakuna mtu alikuwa ameinunua kwa sababu ilikuwa na kazi nyingi. Akaigusa kwa kidole gumba, akatingisha kichwa kukubali. Mama Njeri aliponitazama kutoka kwenye mashine alikuwa anatabasamu, nikadhani anafurahia mauzo.

Kuanzia hapo nikawa napanda pikapu ya duka pamoja na Fundi Mwangi, fundi wetu wa kupigilia, kwenda Kimulot kupima. Nyumba ilikuwa mpya, bado inanuka saruji, na kutoka dirisha la sebule uliona chai imeteremka mpaka mtoni halafu msitu umesimama upande wa pili. Bot Chelimo alitupokea kila mara kwa chakula kwanza. Hakuna kupima na njaa, alisema. Mwangi alipewa chai na viazi sebuleni. Mimi niliitwa jikoni, nikakalishwa kwenye kigoda karibu na moto, nikapewa ugali wa wimbi na mboga ya saga iliyolala na maziwa, na mursik, maziwa yetu ya kuganda, kutoka kwenye kibuyu kilichopambwa kwa shanga. Najua leo kwamba kibuyu kile hakikuwa cha wageni. Siku ile nilikunywa, nikapangusa mdomo, nikaomba tena. Alinitazama nikinywa kwa namna ambayo hata sasa nikifumba macho naiona, kama mtu anayesikiliza injini ya gari analotaka kununua. Tulipoanza kupima reli ya ukutani, ile inayopita usawa wa mgongo wa kiti, Mwangi alitaka kutumia urefu wa kawaida. Bot Chelimo akakataa. "Chepkoech, kaa hapo," akaniambia, akavuta kiti mpaka ukutani. "Egemea vizuri kama mtu wa kwake." Nikaegemea. Mwangi akachora mstari nyuma ya mgongo wangu, na reli ikazungushwa chumba kizima kwa kimo changu. Mimi nikaona ni mama anayejali kazi.

Nikikumbuka mambo yote yaliyosemwa katika nyumba ile, nashika kichwa. Aliniuliza chumba gani kinapata jua la asubuhi, nikamwonyesha, akasema hicho ndicho cha mwenyewe. Aliniuliza konisi ya chumba hicho iwe nene au nyembamba, nikasema nene, akamwambia Mwangi, "Umesikia." Aliniuliza kama upepo wa msitu hunisumbua kifua. Siku moja tulikuwa tumesimama katikati ya sebule, fremu za milango zimeshapigiliwa, harufu ya vanishi inatuchoma macho, akaniuliza bila kunitazama, "Sasa, mtu kama wewe, unaweza kaa kwa nyumba kama hii?" Na mimi, muuza mbao, nikamjibu jibu lile nililokuwa nawapa wateja wote wakiwa karibu kukata shauri: "Bot Chelimo, nani anaweza kataa?" Kisha akaenda jikoni, nikamsikia akiimba wimbo wa kanisa kwa sauti ya chini. Nilimwambia Mwangi njiani kwamba huyu ndiye mteja bora tuliyewahi kupata, na Mwangi akasema, "Hongera," nami nikasema asante.

Desturi yetu ndiyo iliyonimaliza, nayo haikuwa na nia mbaya. Mwoaji hazungumzi na msichana juu ya jambo lenyewe. Mambo hupitia kwa wazee na kwa shangazi, na msichana hupelekewa neno na shangazi yake. Bot Chelimo hangeweza kuniuliza wazi, kwa hiyo aliniuliza kwa mbao. Alikuwa ametuma watu kwa baba, baba akamwita dada yake Recho, niliyemwita senge, yaani shangazi, aniulize. Senge alikuja Litein siku ya soko, akanikuta kaunta namweleza mteja habari za Kimulot, jinsi nilivyochagua kila kitu, jinsi mama yule anavyonisikiliza, na chumba cha jua la asubuhi. Alisimama pale na kikapu chake akinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, "Kwa hivyo umependa huko?" Nikasema, "Sana, senge." Akanishika shavu, akaenda zake. Kwake yeye, neno lilikuwa limeulizwa na limejibiwa. Nimemfikiria sana senge, ambaye sasa ni marehemu, na siwezi kumwita mwongo.

Mwangi alileta habari kwamba kona moja ya konisi sebuleni imefunguka. Hilo ni jambo la kawaida. Ukuta ukiwa umepinda, hata ukikata mbao mshazari namna gani, kona haifungi, na fundi hulazimika kujaza unga wa mbao uliochanganywa na gundi. Nilitaka kuiona mwenyewe kabla haijajazwa. Tulifika Kimulot mchana, ukungu umeshuka, na uani kulikuwa na watu. Nikaona koti la baba limetundikwa kwenye msumari wa veranda. Kitu cha kwanza nilichofikiria ni kwamba kuna mtu amekufa na wameshindwa kunipata. Nilizunguka nyuma, nikaingia kwa mlango wa jikoni, nikakuta sufuria kubwa za wali na nyama, na wanawake nisiowajua wakaacha kuongea wakanitabasamia. Mmoja akanitengenezea kola ya blauzi. Juu ya meza kulikuwa na sinia, na juu ya sinia kulikuwa na siagi ndani ya kibuyu kidogo na vitanzi vya nyasi zilizosokotwa, zile zinazofungwa mikononi mwa watu wawili siku wanapooana. Niliziangalia zile nyasi. Nikajiuliza ni nani anayeolewa, na nikaona vibaya kwamba nimekuja na nguo za kazi.

Sauti ya senge ikatoka sebuleni, wazi kabisa, kwa sababu mlango huo haukuwa umewekewa kitasa bado. "Hakuna mtu amemsukuma," alikuwa anasema. "Amechagua hii nyumba mbao kwa mbao. Mnaona hii reli? Ni mgongo wake. Alikaa hapa akapimwa. Kama hiyo si kukubali, kukubali ni nini?" Wazee wakaguna kuafiki. Nikasikia baba akikohoa, kikohozi chake cha kuridhika, kile cha siku ng'ombe akizaa jike. Nakumbuka nilishika fremu ya mlango. Nakumbuka kidole changu kilikuwa kwenye ua lililochongwa pale konani, ua nililolibishania na Mwangi kwa muda mrefu kwamba liwe na petali pana. Masikio yaliziba, na wanawake wa jikoni wakawa wanasogeza midomo bila sauti. Sijawahi kushtuka hivyo tena maishani, wala siku nilipopigiwa simu kwamba mume wangu ameanguka kazini.

Mtu akanisukuma kwa upole mgongoni, nikajikuta sebuleni. Wazee walikuwa wameketi kando ya kuta, na Bot Chelimo katikati, amevaa koti lake la kiume, limepigwa pasi. Baba akasema, "Njoo ukae hapa." Nilipaswa kusema maneno makubwa. Nimeyatunga mara nyingi tangu siku ile, mazuri sana. Kilichotoka kinywani mwangu ni, "Nimekuja kuangalia kona."

Mzee mmoja akacheka, akaacha.

"Kona gani?" Bot Chelimo akauliza.

Nikanyoosha mkono kuonyesha juu, pale konisi ilipofunguka. Watu wote wakainua macho darini, hata baba. Bot Chelimo peke yake hakuinua. Alikuwa ananitazama mimi, na nikaona uso wake ukibadilika, ukazeeka mbele yangu.

"Huyu hajui," akasema.

"Anajua," senge akasema. "Nilimuuliza kwa duka."

"Hajui." Akanigeukia. "Chepkoech. Ulikuwa unajua hii nyumba nilikuwa najenga ya nani?"

"Nilijua ni yako," nikasema. "Mimi nilikuwa nauza mbao."

"Na saa hii umejua. Unataka?"

Hapo ndipo nilipoulizwa. Baba alikuwa ananikazia macho, senge ameshika mdomo, na mimi nikasema hapana, kwa sauti ndogo, kisha nikarudia kwa sauti ya kusikika. Bot Chelimo hakupaza sauti. Aliwaambia wageni wakile chakula kilichopikwa, maana chakula hakina makosa, halafu waende nyumbani kwao salama. Akaenda jikoni. Nilipopita nikitoka nilimwona amekaa kwenye kigoda, nyasi zile magotini, anazifungua moja moja.

Niliporudi dukani, Mama Njeri alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaketi juu ya mzigo wa misumari. "Kwani huyo mama hana kijana? Mimi nilikuwa najua unaolewa na kijana yake, yule ako Nairobi." Nikamwambia hana mtoto wa kiume hata mmoja. "Ngai," akasema. "Na vile nimekukatia hizo mbao na roho safi." Mwangi naye alikuwa anajua naolewa, hakujua mwoaji ni nani. Kila mtu alijua isipokuwa bibi harusi. Baba hakuongea nami mpaka mavuno ya mahindi, na alipoongea alizungumzia mahindi. Bot Chelimo hakuja dukani tena. Kabla mwaka haujaisha tulisikia ameoa msichana wa upande wa Siongiroi, na mimi nikashusha pumzi, nikaona mambo yameenda sawa kwa kila mtu. Nikaolewa Nakuru na mwalimu, nikafungua duka langu la mapambo ya nyumba, na hadithi ile nikaigeuza kichekesho cha kusimulia wageni. Nilikuwa naisimulia vizuri. Watu walicheka sana nilipofika kwenye ile kona.

Aliyenipigia simu kuniita mazishini ni Rael, huyo msichana wa Siongiroi, ambaye sasa ni mama wa makamo kama mimi, mjane wa Bot Chelimo kama wazee walivyomtambulisha kaburini. Sikuwa nimewahi kumwona. Watu walipopungua alikuja sebuleni na chai, akafunga mlango, akakaa mbele yangu. Wanawe walikuwa nje wanakunja hema. Alikuwa na mikono ya mchuma majani, vidole vimepasuka, na macho yasiyo na haraka.

"Ni wewe ulichagua hizi," akasema.

"Ni mimi. Pole sana na msiba, mama. Nashangaa zimekaa hivi."

"Alikataa ziguswe. Hata rangi ya ukuta tulipaka kwa kuzungusha brashi pole pole." Akakoroga chai yake. "Ulisema hapana."

Nikaanza kumweleza. Nilianza na ile kona, kwa sababu ndiyo ninayoanza nayo siku zote, nikamwambia jinsi sikuambiwa kitu, jinsi kila mtu alijua isipokuwa mimi. Nilitabasamu mahali pa kutabasamu. Yeye hakutabasamu. Alingoja nimalize.

"Alikuwa mtu mzuri," akasema. "Sikulala njaa. Watoto wangu wamesoma, na shamba ni lao. Siwezi sema vibaya juu yake na leo ndiyo tumemfunika. Lakini siku nililetwa hapa, nilikuwa nalia, nikamwambia mimi sijaulizwa. Unajua aliniambia nini? Alisema, 'Yule niliuliza alinikimbia. Wewe sitakuuliza.' Na hakuniuliza. Si siku hiyo tu. Hata mwanamume wa kunizalisha alichagua yeye. Hata jina za watoto. Nilikuta kila kitu kimepigwa misumari."

Miaka yote nilikuwa nimedhani hapana yangu iliishia pale mlangoni nilipotoka. Sikuwahi kufikiri kwamba ilibaki ndani ya nyumba na mtu mwingine akaishi nayo. Rael akanyoosha kidole kwenye skatingi, kwenye ile mifereji ambayo wateja wengine waliikataa kwa kuwa na kazi nyingi.

"Kila asubuhi natoa vumbi hapo na kijiti," akasema. "Kila asubuhi. Nilikuwa nataka kukuona sura tu." Akapumua. "Wiki ijayo fundi anakuja. Zote zinatoka. Juu, chini, mlango, hiyo ya mgongo wako pia."

Mimi ni muuzaji, na mkono wa muuzaji hautulii. Kabla sijafikiri nilikuwa nimetoa simu kwenye mkoba, nimefungua picha za dukani, konisi za kisasa, reli nyembamba, aina zote, nikamsogezea nikisema kuna moja hapa itapendeza sana na mwanga wa dirisha hili. Nilitaka kumpa kitu. Nilitaka achukue bure chochote atakachotaka.

Rael aliweka kikombe chini, akaifunika simu kwa kiganja chake, akanirudishia taratibu mpaka kifuani.

"Hapana, mama," akasema. "Wewe ulishachagua."